Mfundishe mwanao nishati kabla radi haijamfundisha

Kahama. Saa 10 jioni msimu wa mvua, wingu jeusi linajikusanya juu ya Mwendakulima, kata ulipo uliokuwa Mgodi wa Dhahabu wa Buzwagi. Upepo unabadilika ghafla na kuleta harufu ya udongo uliolowa. Mama anaanua nguo kambani na baba anasukuma pikipiki chini ya paa. Mtoto aliyetumwa kurudisha mbuzi anaona mvua itamkuta njiani, anakimbilia chini ya mwembe ulio peke yake katikati ya uwanja.

Kesho yake darasani, mtoto huyo huyo akiulizwa ataje aina za nishati, atazitaja zote bila kujikwaa: joto, mwanga, sauti, umeme, mwendo. Atapata vema, na huenda akapigiwa makofi.

Lakini jana yake alisimama chini ya mti mrefu, wakati nishati hizo tano zikifyatuka kwa pamoja juu ya kichwa chake.

Pengo kati ya kuyajua majina na kuyatambua mambo yenyewe limekuwa na gharama kubwa katika ukanda huu. Oktoba 2018, radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mkoani Geita. Januari 27, 2025, katika Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoa huohuo, radi iliua wanafunzi saba na kujeruhi makumi ya wengine.

Ukanda wa Maziwa Makuu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na hakuna mzazi anayeweza kuzuia wingu. Anachoweza kufanya ni kumsaidia mtoto aielewe nishati kwa macho, kwa masikio na kwa viganja vyake, ili siku ya hatari aijue anapoiona. Kazi hiyo haihitaji maabara. Vifaa vyote viko jikoni, uwanjani na barabarani.

Anza na viganja

Somo la nishati lipo katika Sayansi ya shule ya msingi, na mzazi mwenye simu anaweza kusoma vitabu vya kiada kupitia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Tatizo ni kwamba watoto wengi hulipokea kama orodha ya kukariri, kwa hiyo linaishia kwenye daftari.

Wanachokosa ni wazo moja linaloshika yote: nishati ni uwezo wa kufanya kazi au kuleta badiliko, nayo haitengenezwi wala haipotei. Inabadilika tu kutoka aina moja kwenda nyingine.

Maneno hayo ni mazito kwa mtoto wa miaka tisa, kwa hiyo yaache kwanza. Mwambie apige makofi mara moja, kisha mwulize alisikia nini. Atasema sauti. Mwambie asugue viganja kwa nguvu huku akihesabu hadi 30, halafu aviweke shavuni. Atasema vina joto.

Sasa mwulize joto hilo limetoka wapi, kwa kuwa hakuna moto uliowashwa. Mwache afikiri. Akifika mahali pa kusema limetoka kwenye kule kusugua, ameshagundua mwenyewe kwamba mwendo umegeuka kuwa joto.

Mwulize tena: mwendo wa mikono nao umetoka wapi? Jibu liko tumboni, katika ugali wa mchana. Na ugali? Katika mahindi. Na mahindi? Katika jua, lililopiga majani ya mmea hadi yakatengeneza chakula.

Mtoto wa Shinyanga ana mfano mzuri zaidi wa jambo hili nyumbani kwao. Viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani kuwa michembe, au kuchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa kuwa matobolwa, ni jua lililowekwa akiba. Anapotafuna matobolwa mwezi Agosti na kisha kukimbia shuleni, anatumia mwanga wa jua ulioliangaza shamba miezi mingi iliyopita.

Hapo mzazi naye anapata somo lake. Ubongo wa mtoto unaokua hutumia sehemu kubwa ya nishati anayoipata kwenye chakula. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi bila kitu tumboni, akatarajiwa kuelewa hesabu saa nne, ni sawa na tochi iliyotolewa betri. Kikombe cha uji asubuhi na mchango wa chakula cha mchana shuleni navyo ni masuala ya nishati.

Baiskeli, manati na ngoma

Hatua ya pili ni kumwonyesha mtoto kwamba badiliko moja huzaa jingine, kama foleni.

Baiskeli yenye dainamo ni mwalimu mzuri. Inua gurudumu la nyuma, mwambie mtoto azungushe pedali kwa mkono na aiangalie taa ya mbele. Akizungusha polepole, taa inafifia. Akiongeza kasi, inang'aa. Kisha mwambie auachilie mkono wa dainamo usiguse tairi, azungushe tena. Ataona pedali imekuwa nyepesi.

Swali la kumwuliza ni kwa nini pedali ilikuwa nzito taa ilipowaka. Ni kwa sababu mwanga ule haukuwa wa bure. Misuli yake iliulipia, chakula kikawa mwendo, mwendo ukawa umeme, umeme ukawa mwanga.

Manati nayo inafundisha nishati iliyohifadhiwa. Mpira ukivutwa na kushikiliwa hivyo, hakuna kinachotembea na hakuna kinacholia, lakini nishati imo na inasubiri. Ukiachiwa, jiwe linaruka. Mtoto akielewa hilo, ataelewa pia kwa nini jiwe lililo ukingoni mwa shimo, gogo lililoegemezwa ukutani na maji yaliyo juu ya tenki havipaswi kuchezewa hata kama vimetulia. Katika eneo lenye mashimo ya wachimbaji wadogo, ujuzi huo una maana zaidi ya mtihani.

Kwa nishati ya sauti, tandaza punje za mchele juu ya ngozi ya ngoma, au juu ya mfuko wa plastiki uliokazwa kwenye mdomo wa sufuria, kisha piga pembeni. Punje zitaruka. Mtoto ataona kwa macho kwamba sauti ni mtikisiko unaosafiri. Kumbuka punje hizo, zitahitajika tutakapofika kwenye ngurumo.

Taa ya sebuleni imeanzia wapi?

Watoto wengi wakiulizwa umeme unatoka wapi hujibu kwamba unatoka kwenye nguzo, au kwenye Luku. Jibu hilo si la kuchekwa. Ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chukua karatasi, chora taa upande wa kulia, kisha rudini nyuma pamoja. Kabla ya taa kuna waya na kabla ya waya kuna kituo cha kupoozea umeme. Endelea kurudi nyuma mamia ya kilomita na utafika, kwa mfano, Mto Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Pale maji yanayoshuka kwa nguvu yanazungusha mitambo tisa, kila mmoja wenye uwezo wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024.

Mwulize tena: maji yale yalifikaje juu? Mto uliyaleta kutoka milimani. Na milimani? Mvua. Na mvua ilipandaje angani? Jua lilipasha maji ya bahari, maziwa na mito hadi yakawa mvuke.

Hivyo taa ya sebuleni Kahama inaweza kuwa imeanzia juani, kama yalivyoanzia matobolwa. Karibu zaidi na nyumbani, katika Wilaya ya Kishapu, mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150 unafupisha safari hiyo: mwanga unageuka kuwa umeme papo hapo, bila mto wala bwawa. Kipande kidogo cha sola kinachochaji simu juu ya bati hufanya kazi ileile.

Kisha mwambie mtoto aguse mgongo wa simu inayochaji. Ni wa moto kidogo. Joto hilo ni sehemu ya umeme ambayo haikuingia kwenye betri. Katika kila badiliko, kiasi fulani cha nishati hukimbilia kwenye joto. Haijapotea, ila imekwenda mahali ambapo hatuihitaji. Ndiyo maana balbu za zamani zenye waya ndani huunguza mkono, wakati za LED hubaki na uvuguvugu tu. Zile za zamani zilikuwa zikigeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, nasi tunalipa.

Karasha na mgodi uliofungwa

Watoto wa ukanda wa dhahabu wana mfano ambao wenzao wa mikoa mingine hawana. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia mwisho wa kazi zake za uzalishaji mwaka 2021, na sasa eneo lake limegeuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Kwa zaidi ya miaka 10, umeme wa gridi ulizungusha vinu vikubwa vya kusaga mawe, na mzee yeyote wa jirani atakumbuka mngurumo wake.

Mtoto asiyekumbuka mgodi bado anaijua karasha ya wachimbaji wadogo. Hiyo ni foleni kamili ya mabadiliko: dizeli ina nishati iliyohifadhiwa, ikiungua ndani ya injini inatoa joto, joto linasukuma vyuma kuwa mwendo, mwendo unavunja mwamba. Njiani zinatoka sauti inayoziba masikio na joto linalochemsha injini.

Hapa mwulize mtoto: katika nishati zote hizo, ipi ndiyo kazi iliyotakiwa, na zipi ni za ziada? Zile za ziada mara nyingi ndizo zinazoumiza. Kelele za kila siku huharibu usikivu polepole bila maumivu, injini huunguza, na mkanda unaozunguka hunasa kanga, nywele na vidole. Mtoto mdogo anayebebwa mgongoni au kuachwa acheze karibu na karasha anapokea vyote hivyo, pamoja na vumbi la mwamba linaloharibu mapafu.

Mwaloni kuna hatari nyingine inayoletwa na joto. Zebaki inayotumika kunasa dhahabu ikichomwa, joto huigeuza kuwa mvuke. Macho yanaona zebaki imeisha, lakini haijaisha. Imehamia hewani, inavutwa puani, na inatua kwenye kuta, vyungu na nguo. Zebaki huharibu mfumo wa fahamu, na walio hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni na watoto wadogo.

Kwa hiyo mwiko wa nyumbani ni mmoja: dhahabu yenye zebaki haichomwi jikoni, wala ndani ya chumba, wala kwenye sufuria itakayorudi kupikiwa mboga. Nguo za mwaloni zifuliwe peke yake. Mtoto aliyejifunza kwamba kitu kinaweza kubadilika bila kupotea ataelewa mwiko huu haraka kuliko mtu mzima.

Jikoni ndiyo maabara, na ndiyo hatari

Hakuna mahali nishati hubadilika mara nyingi kwa siku kama jikoni. Kuni na mkaa ni jua lililohifadhiwa kwenye mti. Moto unaligeuza kuwa joto na mwanga, joto linachemsha maji, na mvuke unainua kifuniko cha sufuria. Mwonyeshe mtoto kifuniko kinavyorukaruka, akiwa amekaa mbali, na umweleze kwamba mvuke huo unaoweza kuinua chuma una joto la kutosha kumuunguza.

Akiungua, elimu hiyohiyo inaelekeza huduma ya kwanza. Joto lililoingia kwenye ngozi halikomi pale mkono unapotolewa kwenye moto. Linaendelea kupenya ndani. Linahitaji kupewa mahali pa kwenda, nako ni kwenye maji safi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, mafuta na barafu havifai. Baada ya maji, funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke mtoto kituo cha afya, hasa kama ameungua uso, mikono au sehemu za siri.

Mkaa una hatari isiyoonekana. Ukiungua mahali penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Jiko linaloingizwa chumbani ili kuota, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, linaweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Wakiamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu wote kwa pamoja, watoke nje mara moja na kwenda hospitali.

Moshi wa kila siku nao hukata pumzi kidogokidogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi kupikia ifikapo mwaka 2034. Kabla mtungi wa gesi haujafika kwa kila nyumba, kupikia nje au kwenye jiko lenye dirisha, kukausha kuni na kumweka mtoto mchanga mbali na moshi ni hatua ambazo hazidai fedha.

Kuna kitu kingine kidogo cha kuangalia sebuleni: betri bapa za mviringo, kama kifungo cha shati, zinazokaa kwenye rimoti, saa na midoli inayoimba. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, umeme wake unaanza kuunguza nyama laini na unaweza kumjeruhi vibaya ndani ya saa mbili. Usisubiri itoke chooni. Mkimbize hospitali, na umwambie daktari unahisi ni betri.

Rudini chini ya mwembe

Sasa mtoto yuko tayari kuielewa radi. Ndani ya wingu la mvua, vipande vya barafu na matone hugongana huku vikipandishwa na kushushwa na upepo mkali. Mwendo huo hutenganisha chaji za umeme na kuzilimbikiza. Ni kama manati iliyovutwa. Ikiachiwa, umeme unaruka kati ya wingu na wingu, au kati ya wingu na ardhi.

Njia unayopita inafikia joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyopashwa ghafla kiasi hicho inatanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo. Hewa imetikisika kama punje za mchele zilivyoruka juu ya ngoma. Umeme, mwanga, joto, mwendo na sauti vimetokea kwa kufumba na kufumbua.

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo tunauona papo hapo. Sauti hutembea takriban mita 340 tu kwa sekunde, kwa hiyo inachelewa. Ucheleweshaji huo ndio zawadi ambayo nishati ya sauti inampa mtoto. Kila sekunde tatu kati ya mwako na ngurumo ni takriban kilomita moja.

Mfundishe kuhesabu kwa sauti, "Kahama moja, Kahama mbili, Kahama tatu," kila tamko likiwa karibu sekunde moja. Akifika tisa kabla ya ngurumo, radi ilipiga umbali wa kilomita tatu. Ikiwa ngurumo imefika kabla hajamaliza 30, awe tayari ndani. Na kama hawezi kuhesabu kwa hofu, kanuni ni fupi zaidi: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Asitoke tena hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ndani ni wapi? Ni kwenye jengo imara lenye kuta na paa, au ndani ya gari lenye paa la bati ngumu na vioo vilivyofungwa. Mwembe, mbuyu, kibanda cha wazi cha sokoni na kichaka haviko kwenye orodha hiyo. Mti mrefu huivuta radi, na umeme ukishuka kwenye shina unaweza kumrukia aliye chini yake au kumpata kupitia ardhi.

Akiwa ndani, akae mbali na madirisha, mabomba na waya za umeme, asioge wala kuosha vyombo, na asishike simu iliyochomekwa kwenye chaji. Kama kundi la watoto limekutwa uwanjani bila jengo la karibu, wasikumbatiane wala kulala chini. Watawanyike, waondoke mahali pa juu na penye maji, na waendelee kwenda kwenye jengo.

Aliyepigwa radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mguse bila hofu mara eneo likiwa salama. Wengi wanaokufa hufa kwa sababu moyo au pumzi imesimama. Kama hapumui, anza mara moja kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Aliyezinduka naye apelekwe, kwa kuwa majeraha ya ndani hayaonekani.

Kuhusu radi ya kutumwa

Katika familia nyingi za Usukumani, na kwingineko nchini, ipo imani kwamba radi hutumwa na mtu. Mtoto ataisikia, kama hajaisikia tayari. Kumkemea bibi mbele ya mjukuu hakusaidii. Mzazi anaweza kumwambia mtoto kwamba yeyote asemavyo kuhusu ilikotoka, njia inayopita inajulikana: hutafuta kilicho kirefu na kilicho wazi, na hushuka ardhini.

Ujuzi huo una umri wa zaidi ya miaka 270. Baada ya Benjamin Franklin wa Marekani kueleza katikati ya karne ya 18 kwamba radi ni umeme, majengo yalianza kuwekewa fito za chuma juu ya paa, zilizounganishwa kwa waya mnene hadi ardhini. Mtego huo wa radi hauizuii radi kupiga. Unaipa njia ya kupita pembeni mwa watu.

Hapo ndipo wajibu unapotoka kwa mtoto na kumrudia mtu mzima. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, swali la kuuliza ni je, madarasa na mabweni yana mitego ya radi, na mara ya mwisho ilikaguliwa lini? Shule ina utaratibu gani wingu likitanda wakati wa mchezo au paredi? Waya uliokatika au uliooza hauna faida yoyote. Mtoto anaweza kujua kila kitu na bado akawa kwenye darasa lisilo na ulinzi.

Mchezo wa mishale

Kwa wazazi wanaorudi usiku wakiwa wamechoka, dakika 10 zinatosha. Chagueni kitu kimoja kila siku na mchore mishale ya mabadiliko yake. Redio: umeme, kisha mtikisiko, kisha sauti. Kiberiti: mwendo wa kusugua, kisha joto, kisha moto wenye mwanga. Ng'ombe na plau: majani, kisha misuli, kisha mwendo.

Mtoto akikosea, usimpe jibu haraka. Mwulize, "Kabla ya hapo ilikuwa wapi? Baada ya hapo imekwenda wapi?" Maswali hayo mawili yanatosha somo zima. Akisema betri imeisha, mwulize kilichokuwemo kimekwenda wapi, naye ataanza kuorodhesha mwanga alioutumia, nyimbo alizosikiliza na joto aliloligusa.

Maliza kwa swali la tatu: "Inaweza kuumiza vipi?" Swali hilo halipo kwenye mitihani mingi, lakini ndilo atakalolihitaji wingu likirudi juu ya Mwendakulima, naye yuko njiani na mbuzi. Atauona mwako, atahesabu Kahama moja, Kahama mbili, ataupita mwembe bila kusimama, na mvua itamkuta akiwa tayari mlangoni.